Eti MIMI ndiye ninayekata kona vibaya! Fundi wa kupitisha nyaya ndani ya usukani, safari hii umevuka mpaka

Wakuu, naandika hapa mikono bado inatetemeka kwa hasira, herufi zikiruka mnivumilie.

Yule fundi. Mnamjua, msinilazimishe nimtaje. Yule wa "niachie mimi, jioni uje uchukue".

Nimempa usukani wa pikipiki anipitishie nyaya za swichi kwa ndani, chuma kibaki kitupu, pasionekane waya hata mmoja. Kazi nimepokea inang'aa, mpaka picha nimepiga. Natoka tu barabarani, nakata kushoto, injini ikazima. Nanyoosha, ikashika. Nakata kushoto tena, kimya! Nyuma yangu lori linapiga honi ya kufufua wafu.

Narudi kwake. Wateja wengine wamejaa, wanasikiliza. Anaushika usukani, anautikisa kidogo, ananitazama machoni, anasema: "Wewe ndio unakata kona vibaya."

Mbele za watu. NAKATA KONA VIBAYA. Kwa hiyo nizunguke kulia, kulia, kulia, mpaka niingie kaburini?

Nimefika nyumbani nikaufungua mwenyewe. Lile tundu la katikati, nyaya zinapotokea kwa chini, kalitoboa kwa drili akaacha kingo mbichi. Nimepitisha kidole, kidole kimechanika. Hajapitisha tupa, hajapiga msasa, raba ya kuzungushia tundu ndiyo usiseme. Waya wa swichi ya kuzima injini umechubuka, shaba iko nje. Na kwa pikipiki kama yangu, waya ule ukigusa chuma popote, injini inazima, ndiyo kazi yake. Nikikata kushoto unavutwa, unalalia ule ukingo, shoti. Halafu mimi ndiye ninayekata kona vibaya!

Nyaya zenyewe kazivuta zikakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Usukani ukifika mwisho wa kushoto au mwisho wa kulia, nyaya zinatakiwa ziwe bado zimelegea. Nani asiyelijua hilo? Ndani ya bomba nimekuta viungio vimezungushiwa tepu tupu, gundi inanata vidoleni. Kiungio ndani ya bomba, wakuu! Kikiachia utakifikia na nini, ulimi? Na upande wa mafuta, waya unapita palepale mpini unapozunguka, unasuguliwa kila nikivuta mafuta. Siku mpini unanasa mafuta yakiwa wazi, atakuja mochwari kuniambia nimekata kona vibaya?

Mbele za watu, wakuu. Mbele za watu!

Plagi_Kavu: Mtoa mada, pole. Ila weka video ya hizo kona kwanza, tusihukumu upande mmoja.

Mleta uzi: @Plagi_Kavu video ya nini? Shaba iko nje! SHABA!

Kibiriti_Ngoma: Nimesoma yote. Na mimi nahisi unakata kona vibaya.

Bi_Klachi: Kaka, achana nao. Mimi wangu niliupitisha mwenyewe na sina shida. Matundu toboa kabla ya kupaka rangi, kingo zilainishe kwa tupa mpaka ukipitisha pamba isinase, kisha raba. Tanguliza uzi ndani ya bomba, ufunge nyaya kwenye uzi, zipake poda, vuta taratibu huku mtu mwingine anasukuma upande wa pili. Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, mzima bila kiungio, viungio vyote vikae nje mbele kwenye taa. Kabla hujafunga chochote, weka mita ya umeme, ile inayolia umeme ukipata njia: ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye chuma cha usukani, halafu zungusha mwisho hadi mwisho. Ikilia, rudi ukatafute ulipochubuka.

Mzee_wa_Fyuzi: Swali. Kama ilikuwa shoti, mbona fyuzi haikuungua? Hapo ndipo namtilia shaka mtoa mada.

Bi_Klachi: @Mzee_wa_Fyuzi waya wa kuzimia kwenye pikipiki hizo hautoki kwenye betri, unatoka kwenye mfumo wa moto wa plagi. Ukigusa bodi unaua cheche tu. Fyuzi haina habari. Waya wenye moto wa betri ndio ungeiunguza.

Mzee_wa_Fyuzi: Sawa dada, nimekuelewa. Bado kona naitilia shaka.

Tupa_Bapa: Nyie mnagombania nyaya, mimi nagombania chuma. Usukani mwingi ni bomba la milimita 22, unene wake mdogo. Ukitoboa tundu karibu na vibano vinavyoushika usukani, pale ndipo unapopinda zaidi, ufa unaanzia hapo hapo. Tundu liwe dogo, la mviringo, mbali na kibano kadiri inavyowezekana. Na wa aluminiamu msiuguse na drili kabisa, unachoka kimya kimya halafu unakatika mara moja. Kama tundu lako liko karibu na kibano, mkuu, huo usukani tupa.

Mleta uzi: @Tupa_Bapa nimekusikia, nitautupa. Lakini mbona hakuna anayezungumzia nilichoambiwa? NIMEAMBIWA NAKATA KONA VIBAYA!

Gia_ya_Tano: Bora wewe. Mimi nilimpelekea breki ya mbele imekuwa laini, inazama mpaka kwenye mpini. Hewa imejaa kwenye mafuta ya breki, kila mtu anajua. Akaniambia nina vidole vinene.

Bi_Klachi: Subiri. Yule yule?

Gia_ya_Tano: Yule yule.

Kibiriti_Ngoma: Mimi alinikazia mnyororo mpaka ukawa unaimba. Namuuliza, anasema "utalegea wenyewe". Ukala meno ya sproketi yote.

Plagi_Kavu: Mnyororo lazima ucheze kidogo, ukikaza unaua na beringi.

Tupa_Bapa: Ucheze kiasi gani? Wengi mnapima vibaya, mnapima sehemu moja tu. Zungusha gurudumu, tafuta pale ulipokaza zaidi, pima hapo.

Kibiriti_Ngoma: Ukiwa umeipandia au umeshuka?

Tupa_Bapa: Soma kitabu cha pikipiki yako, kila moja na yake.

Kibiriti_Ngoma: Kitabu anacho yeye. Alikiazima.

Gia_ya_Tano: NA CHANGU!