Matibabu ya kulipiwa na serikali: mnaoishi nayo, ni raha au ni foleni tu?

Mpandisha_Wageni
Wakuu habari za jioni. Mi kazi yangu kupandisha wageni mlimani, makazi Moshi. Msimu huu nilikuwa na kundi la mchanganyiko, mama mmoja Mmarekani, jamaa wa Uingereza na mkewe, na Mkanada. Usiku tuko kambi ya Shira tumeshakula, sijui nani alianza, wakaingia kwenye mada ya hospitali wakabishana mpaka wagumu (wapagazi wetu) wakaja kuuliza kuna nini huku.

Yule mama anasema kwao bima imefungwa kwenye kazi, ukiacha kazi na bima inakwenda, yeye anahesabu miaka tu afikishe 65 aingie Medicare ya serikali apumue. Mwingereza anasema hajawahi kushika bili ya hospitali toka azaliwe, ila mkewe akamkatisha akamwambia waeleze na la goti lako, kumbe jamaa aliwekwa kwenye foleni ya oparesheni mpaka akachoka akalipia hospitali binafsi. Mkanada nae anasema kwao daktari na kulazwa hulipi, ila dawa za kwenda kununua dukani na meno kwa sehemu kubwa ni bima ya kazini au mfuko wako. Mi nimekaa kimya namimina chai naona hawa wote wananilalamikia vitu ambavyo sina.

Sasa niwaulize nyie. Mi ni mwongoza wageni wa kujitegemea sina bima yoyote, mama yangu yupo Kibosho ana presha na sukari, akizidiwa tunachangishana kwenye grupu la familia, asiye na hela anajifanya hajaona meseji. Na ile sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapita bungeni toka Novemba 2023. Kwaiyo anayeishi nchi yenye mfumo huo, au mwenye bima ya serikali hapahapa, aniambie ukweli wa kuishi nayo. Siasa tuweke pembeni tafadhali.

Mama_Junior_UK
Mimi ni wa Machame, sasa hivi nipo Birmingham na familia. Ntakwambia mazuri na mabaya, nina hasira na vyote viwili.

Kwanza asikudanganye mtu kwamba ni bure. Sisi wageni kabla ya visa kuna ada ya afya, toka Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka, wanafunzi na watoto 776, na unalipia miaka yote ya visa kwa mkupuo kabla hujapanda ndege. Visa ya miaka mitatu baba na mama na mtoto piga hesabu mwenyewe. Wenye visa ya kazi za afya na uangalizi ndo wamesamehewa. Alafu ukifika ukaanza kazi unakatwa na kodi kama wengine, na ndo hiyo kodi inaendesha NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huku, kwaiyo sisi tunalipa huku na huku.

Ila dada yenu nilijifungua huku, uchungu ukagoma, nikapelekwa chumba cha oparesheni usiku, nikalala wodini, mtoto akawekwa chini ya uangalizi, na siku ya kutoka nilivaa koti nikatoka. Hakuna dirisha la malipo. Hakuna aliyemwambia mume wangu akanunue glavu au atafute mtu wa kuchangia damu. Mume wangu alikuwa amezoea ya nyumbani akawa anazunguka korido anatafuta pa kulipia, manesi wakamcheka. Hapo ndo utaelewa kwa nini Waingereza wanaitukana NHS kila siku lakini mgeni akiitukana wanakasirika.

Mabaya sasa. Foleni. Kama sio dharura huwezi kwenda hospitali kubwa hivihivi, lazima uanzie kwa daktari wa mtaa unaoishi, na kumpata saa mbili asubuhi simu zikifunguliwa ni kama kugombania daladala ya Kilombero pale Arusha saa kumi na mbili jioni. Wakikuandikia rufaa kwa bingwa, lengo lao ni wiki 18 mpaka matibabu yaanze, na hilo lengo miaka mingi sasa halifikiwi, matibabu yanayosubiriwa yalishapita milioni 7. Kitu cha kukuua watakiwahi, hilo nawasifu. Lakini goti, nyonga, uvimbe usiouma, mtoto wa jicho, utakaa. Unaweza kukaa na maumivu mwaka mzima unaishi kwa paracetamol na hakuna wa kumgombeza.

Dawa pia watu wanadhani ni bure, England unalipa pauni 9.90 kwa kila dawa iliyoandikwa, Scotland na Wales ndo hawalipi, na mjamzito na mtoto halipi. Meno usiniulize.

Na kitu kingine kinawasumbua sana watu wa kwetu, ukienda na mafua au homa ya mtoto daktari anakuangalia, anakwambia kapumzike unywe maji mengi. Basi. Hakuna sindano, hakuna antibayotiki. Mama mkwe alipokuja kututembelea alisema hawa wamemdharau mjukuu wangu, akatoa dawa alizobeba kwenye begi toka Moshi. Na hao wazazi wanaokuja kutembea wakatiwe bima ya safari, akilazwa mgeni wa visa ya matembezi anatozwa asilimia 150 ya gharama yenyewe. Hiyo bili itakufuata.

Chalii_wa_Sakina
Oya tuseme ukweli, bure haipo. Huko Ulaya kila mtu ana payslip wanamkata kabla hajaiona hela. Hapa Arusha utamkata nani, mama anayeuza ndizi Kilombero? Dereva wa bodaboda? Madalali wa Tanzanite? Watumishi wa serikali ndo wanakatwa asilimia 3 na mwajiri anaongeza 3, sisi wengine tunaelea.

Mi niliingia ile CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, elfu 30 kwa mwaka kaya ya watu sita, nikasema poa hii ni hela ya nyama choma jumapili moja. Mtoto kaumwa tumeenda, kuandikishwa sawa, daktari sawa, vipimo sawa, tumefika dirisha la dawa nikaambiwa hii haipo kanunue nje. Nikanunua nje. Safari nyingine ivoivo. Sasa bima gani inanilipia mpaka mlangoni pa duka la dawa alafu inaniacha? Sikuilipia tena. Bora niweke kwenye kibubu.

Nesi_wa_Zamu
@Chalii_wa_Sakina kibubu chako kitakutosha malaria, hakitatosha mtu wa kusafishwa figo mara tatu kwa wiki. Mi nipo wodini nawaona, wanauza shamba, wanauza ng'ombe, baadae wanaanza kuruka siku za kusafisha, baadae hatuwaoni tena.

Ila swala la dawa uko sahihi na sisi ndo tunaotukanwa dirishani wakati hatuagizi dawa. Mnisikilize kitu kimoja lakini. Bima ikiwa ya hiari anayekata ni mgonjwa. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya), ilikuwa 50,400 kwa mwaka kwa mtoto, nzuri ajabu, wazazi wakawa wanakuja kuikata mtoto ameshaandikiwa oparesheni, mzima hakatiwi. Mfuko hauwezi kuishi hivyo ndo maana 2023 wakaibadilisha watoto wasajiliwe kupitia shule, watu wakalia. Na Machi 2024 mnakumbuka bei mpya za NHIF zilivyoanza hospitali binafsi kadhaa zikagoma kupokea kadi, mgonjwa yupo mapokezi ana kadi mkononi anaambiwa lipa keshi. Kwaiyo ata mwenye bima hakulala usingizi wiki ile.

Na nyie wagonjwa nanyi. Kikohozi cha siku mbili mtu anaruka zahanati, anaruka kituo cha afya, anakuja kujaza foleni hospitali ya mkoa, alafu anapiga picha ya foleni anarusha statasi. Mama Junior kasema huko haendi mtu kwa bingwa bila rufaa, na sisi utaratibu tunao, wa kuufuata ndo hakuna.

Alafu mnaosema mfumo wa serikali hauwezekani Tanzania, dawa za TB nani alishawahi kuzilipia? ARV za wenye VVU je? Chanjo za watoto? Mtu anatoka Longido au Siha ndani anapewa dozi yake ya TB mpaka anapona na hatoi kitu. Hizo zinapatikana kwa sababu hela ya kuzinunua ilishatengwa kabla mgonjwa hajaugua, japo wafadhili wana mkono mkubwa hapo na hilo linanitisha.

Kasoko
Nipo Ujerumani. Huku hospitali sio za serikali zote na bima sio moja, kuna mifuko kibao unachagua, ila kuwa na bima ni LAZIMA. Msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara na nyongeza kidogo ya mfuko, nusu wewe nusu mwajiri, mke asiye na kazi na watoto wanaingia humohumo bila kuongeza hela. Walianza enzi za kansela wao Bismarck 1883. Inauma kwenye mshahara sana tu, lakini sijawahi kuchangiwa na mtu.

Mwalimu_Mstaafu_OldMoshi
Vijana mnaongea kana kwamba jambo hili ni jipya. Baada ya Azimio la Arusha serikali ilitaka matibabu yawe haki ya kila mtu, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku kabisa. Hatukulipa. Lakini ilipofika miaka ya themanini ulikuwa unaandikiwa dawa na daktari mzuri aliyesoma, bila malipo, na dawa yenyewe haipo nchi nzima. Binafsi zikaruhusiwa tena 1991, na 1993 ikaja sera ya kuchangia gharama. Kwa hiyo tumeshaishi pande zote.

Sisi wa Kilimanjaro tuliponea kwa hospitali za kanisa. Hospitali ya Huruma kule Rombo ni ya kanisa na ndiyo iliyoteuliwa kuwa hospitali ya wilaya. KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi iliyofunguliwa 1971, nayo si ya serikali, ingawa serikali inalipa mishahara ya watumishi wengi pale. Ukimuuliza mtu wa Moshi kama ametibiwa serikalini au binafsi mara nyingi hawezi kukujibu.

Mimi nilikatwa bima nikiwa kazini na nilinung'unika kama ninyi. Leo nimestaafu, mimi na mke wangu tuna kadi hatuchangii tena, dawa za presha nachukua kila mwezi. Kero yangu ni kwamba hubadilishiwa aina ya dawa kila mara, mwezi huu kidonge cheupe, mwezi ujao cha njano, mzee wa umri wangu anachanganya.

Chalii_wa_Sakina
Shikamoo mwalimu. Sawa, nyie mlikuwa na ajira. Hoja yangu ipo palepale, asiye na payslip akatwe wapi.

Mama_Junior_UK
@Chalii_wa_Sakina kwenye michango ya harusi huwa mnakatwa wapi? Kadi ya laki inakuja na unalipa.

Chalii_wa_Sakina
Hahaha dada umenimaliza. Ila harusini nakula na kunywa siku ileile, dawa imekuwa ya kanunue nje.

Mpandisha_Wageni
Asanteni wote, mwalimu shikamoo. Nesi nikuulize, mama yangu ana miaka 67, hana pensheni, anaishi na kihamba tu, kile kishamba cha nyumbani. Hapo kabla sijapata bima kuna chochote?

Nesi_wa_Zamu
Yupo kwenye msamaha huyo kaka, sera inasema mzee wa 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bila malipo vituo vya serikali. Aanzie kwa mtendaji wa kijiji apate barua, aende nayo kwa afisa ustawi wa jamii pamoja na kitambulisho cha NIDA. Akifika kituoni aulize dirisha la wazee asipange foleni ya wote. Na aende siku ya kliniki ya presha na sukari, sio siku yoyote, maana siku hizo ndo dawa zake huandaliwa. Ikitokea dawa haipo aandikiwe jina kamili kwenye karatasi, akutumie picha, ununue ileile, usikubali muuza duka akubadilishie.