Naomba ushauri: mdogo wangu akisimamishwa na polisi usiku afanyeje?

Ndugu zangu, mdogo wangu ana miaka 19, anaendesha bodaboda hapa Mombasa. Juzi usiku polisi walimsimamisha, hofu ikamshika akataka kukimbia. Abiria wake ndiye aliyemvuta shati. Tangu hapo silali vizuri.

Nimemwambia azime pikipiki, mikono ionekane, asibishane, na leseni na kitambulisho asiviache nyumbani (hapo kosa ni lake, nimemkemea). Najua Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza, na kwa kawaida kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Lakini barabarani saa sita usiku, ataitaja vipi haki hiyo bila kuonekana mjeuri? Mliopitia haya, mlisema maneno gani?