Nashindwa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde: ni gari, ni mkono au ni simu?

Mkaazi wa Kondele aliuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa mbio za magari, hamjambo. Ninaishi Kondele hapa Kisumu, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikicheza CSR Racing 2 kila jioni baada ya kufunga kibanda changu. Kwa wasioufahamu, huu ni mchezo wa simu uliotolewa mwaka wa 2016, usiolipiwa unapoupakua. Mbio zake ni za magari mawili yanayoshindana katika barabara iliyonyooka, robo maili au nusu maili, pasipo kona hata moja. Mchezaji hashiki usukani; kazi yake yote ni kukanyaga mafuta kwa kiasi kinachofaa kabla ya kuondoka, kubadilisha gia kwa wakati wake na kufungulia nitro, yaani gesi inayoongeza nguvu ya injini kwa muda mfupi.

Nimefika ngazi ya tatu, na hapo nimekwama. Kiongozi wa kundi la ngazi hiyo hunishinda kila mara kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde, hata nikibadilisha gia zote taa ya kubadilishia gia ikiwa ya kijani. Jana tulienda sambamba hadi gia ya tatu, nikaanza kuamini kwamba leo ni zamu yangu, kisha akanipita taratibu kama anayeniaga. Mafuta ya mchezo yakaisha, nikalazimika kungoja tanki lijae tena.

Rafiki yangu ananishauri ninunue dhahabu ya mchezo ya shilingi 1,300 ili nipate gari lenye nguvu zaidi. Kwangu hizo ni pesa za kuangalia mara mbili. Je, tatizo ni gari au ni mkono wangu? Nitamshukuru yeyote atakayenijibu kwa kina.

Fundi wa Shabab alijibu:

Ndugu wa Kondele, usinunue kitu kwanza. Mimi ni fundi wa magari halisi hapa Nakuru na mchezo huu ninaucheza tangu nilipopata simu yenye nafasi ya kutosha, na ninavyoona, unachokikosa ni marekebisho.

Tuanze na ukubwa wa tatizo lenyewe. Gari likivuka mstari kwa kilomita 200 kwa saa, sehemu mbili za kumi za sekunde ni mita 11 na kidogo, yaani urefu wa matatu mbili zilizoegeshwa moja nyuma ya nyingine. Katika robo maili, ambayo ni mita 402, pengo hilo linaweza kuzibwa kabisa bila kubadilisha gari.

Wachezaji wengi hupoteza muda wao mita chache baada ya kuondoka. Ukiondoka injini ikinguruma kupita kiasi, matairi huzunguka bure, na tairi linalozunguka bure halisukumi gari mbele. Ni kama pikipiki iliyokwama kwenye tope la masika, kelele nyingi na mwendo hakuna. Taa ya kijani haikuambii habari hii. Inakuonyesha mahali pazuri pa kubadilisha gia kwa hali ya kawaida, lakini gari lenye nguvu kubwa na matairi dhaifu mara nyingi hufanya vizuri zaidi ukitoka gia ya kwanza kwenda ya pili mapema, kabla ya kijani, ili nguvu ipungue kidogo na matairi yashike lami. Jaribu hivyo katika mbio nyepesi, uandike muda wako kwenye karatasi, kisha urudie ukibadilisha jambo moja tu. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lililokusaidia, na kosa hili huliona hata kwa mafundi vijana wanaofika gereji kujifunza kazi.

Halafu tazama uwiano wa mwisho (final drive), yaani ule unaogusa gia zote kwa pamoja. Namba ikipanda, gari huchomoka upesi lakini humaliza gia zake mapema; ikishuka, mwanzo huwa mzito ila kasi ya juu huongezeka. Angalia uko gia ya ngapi unapovuka mstari. Ikiwa gari lina gia sita nawe unamaliza ukiwa ya nne, gia zako ni ndefu mno kwa umbali huo. Ikiwa mshale wa mizunguko ya injini umegonga nyekundu katika gia ya mwisho na mstari bado uko mbali, ni fupi mno. Maelezo yako kwamba mlikuwa sambamba hadi gia ya tatu ndipo akakupita yananifanya nidhani kwamba wewe uko upande huu wa pili.

Kuhusu nitro, usiifungulie katika gia ya kwanza, kwa maana utaongeza nguvu mahali ambapo tayari imezidi. Mimi huifungulia katika gia ya pili au ya tatu, mara tu gari linapokuwa limetulia, na nimeona ikinisaidia sana kuliko kuihifadhi hadi mwisho, kwa sababu kasi unayoipata mapema unaitumia kwa mita zote zinazobaki.

Mwalimu wa Kakamega alijibu:

Ninakubaliana na fundi, nami nitajibu upande wa pesa, kwa kuwa nimeumia huko. Mwaka jana mwanangu wa miaka kumi alikuwa akicheza mchezo mwingine wa mbio kwenye simu yangu, nami nilikuwa jikoni nikisonga ugali. Alipoguswa na picha ya sanduku linalong'aa, aligusa, akagusa tena, na kabla sijanawa mikono nilikuwa nimepokea jumbe tatu za malipo. Mtoto hakuelewa kwamba zile zilikuwa pesa halisi. Kwake zilikuwa sarafu za mchezo kama zile nyingine alizozizoea.

Nilijifunza mambo mawili ambayo ninatamani ningeyajua mapema. La kwanza, katika mipangilio ya Play Store kuna mahali pa kuagiza kwamba kila malipo yathibitishwe kwa nenosiri au alama ya kidole, na inafaa liwekwe hivyo hata kama simu haishikwi na mtoto. La pili, Google hupokea maombi ya kurudishiwa pesa, na kabla ya saa 48 kupita tangu ununuzi unaweza kuomba moja kwa moja kupitia Google Play. Mimi niliomba siku hiyo hiyo nikarudishiwa.

Ndugu wa Kondele, ukiamua kununua, nunua kitu unachokiona kwa macho, yaani gari au kifaa kilichotajwa bei yake, wala si funguo za kufungulia sanduku ambalo hujui litatoa nini. Tangu Desemba 2017 Apple imewataka watengenezaji wanaouza masanduku ya aina hiyo waonyeshe uwezekano wa kupata kila zawadi kabla mtu hajalipa, na mwaka wa 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba baadhi ya masanduku hayo yanayolipiwa ni kamari chini ya sheria yake. Soma namba hizo ndogo kabla ya kulipa. Utakuta gari unalolitamani limewekewa nafasi finyu sana.

Kijana wa Nyalenda alijibu:

Kaka, umesema unacheza jioni baada ya kazi. Je, simu huwa kwenye chaja unapocheza, na ina kava la mpira? Nauliza kwa sababu joto la Kisumu ninalijua. Simu ikipata moto hupunguza yenyewe kasi ya prosesa ili isiharibike, na picha za mchezo huanza kuchelewa. Picha zikienda 30 kwa sekunde, kila moja hukaa kama sehemu 33 za elfu za sekunde. Zikishuka hadi 20, kila moja hukaa sehemu 50. Unaona kijani ikiwa imeshachelewa, na kidole chako kinachelewa juu ya hapo. Vua kava, chomoa chaja, zima hali ya kuokoa betri, punguza ubora wa picha kama mipangilio inaruhusu, kisha ucheze mbio zako muhimu kwanza, simu ikiwa bado baridi.

Mkaazi wa Kondele alijibu:

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Kijana wa Nyalenda, umenipata kabisa: simu yangu huwa kwenye chaja, na kava lake ni zito kama ndala. Nimelivua, na hata kabla ya kugusa marekebisho niliona picha zikienda laini zaidi.

Usiku wa jana nilifanya kama alivyoelekeza fundi, nikaandika muda wa mbio 12 nyuma ya kitabu cha mauzo. Kutoka gia ya kwanza mapema kulinipunguzia karibu sehemu moja ya kumi. Nilipoangalia mstari wa mwisho, nikakuta kweli mshale uko kwenye nyekundu, gia zimeisha, na gari linalia tu bila kuongeza kasi. Nikashusha uwiano kidogo, nikajaribu tena na yule kiongozi. Alinishinda, lakini safari hii kwa sehemu tatu za mia, na mbele ya gari lake niliiona nafasi ya kupita. Dhahabu sijanunua. Mwalimu, nenosiri nimeweka, maana mdogo wangu naye hupenda kuishika simu hii.

Fundi, swali moja limebaki: nikishusha uwiano zaidi, mwanzo unakuwa mzito na ninaachwa pale pale kwenye taa. Je, niongeze nguvu ya nitro na kupunguza muda wake ili kufidia mwanzo huo, au niuache uwiano ulipo nishughulikie matairi?

Fundi wa Shabab alijibu:

Uache ulipo. Shughulikia matairi kwanza, kwa sababu nguvu zaidi ya nitro kwenye matairi yasiyoshika itakurudisha kwenye tope lile lile. Ukipata kiwango kimoja zaidi cha matairi, rudia mbio zako 12 uniletee namba hizo hapa, tuziangalie pamoja.