Ukoo wa Bibi Kirumba

[Jumatatu]

Mama Kulwa, 12:41 asubuhi: Mwangaluka wote. Kulwa bado ana homa, ni siku ya tatu. Na choo cha maana hajapata tangu Ijumaa.

Doto, 12:44: Bibi kanituma niandike. Anasema choo kikikaa tumboni ndicho kinachochemsha mwili. Mpeni haluli.

Shija, 12:50: Shikamoo mama. Wifi, haluli hapana, subiri kwanza! Mkojo wake ukoje?

Mama Kulwa, 12:52: Kama chai ya rangi. Midomo imepasuka. Maji anakataa, anasema machungu.

Shija, 12:58: Basi maji yamemwishia. Homa inayakausha kwa jasho na kwa pumzi, na yeye harudishi. Mwili ukiona hivyo, utumbo mpana unafyonza hata yaliyobaki kwenye choo, kinakuwa kokoto.

Mama Kulwa, 12:59: Ndivyo kabisa. Jana alihangaika nusu saa, akatoa vigololi viwili kama vya mbuzi 😔

Doto, 1:03: Bibi anasema sasa homa imetoka wapi?

Shija, 1:07: Mama, homa ina mwenyewe. Choo kigumu peke yake hakimchemshi mtoto siku tatu. Hapa kwetu ziwani naanza kuwaza malaria, hata taifodi, maana hiyo nayo huweza kuja na kufunga choo. Wifi, mpeleke akapimwe leo, usimalize wiki na panado. Tumbo je? Ukimbonyeza chini kulia analia?

Mama Kulwa, 1:10: Halii. Anacheka.

Shija, 1:12: Afadhali. Angelia, ningehofia kidole tumbo, na hiyo haluli ingeweza kutuletea balaa. Mpe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ile chupa kubwa ya dukani ni lita moja na nusu, usiijaze! Vijiko viwili vitatu, upumzike, urudie.

Baba mdogo Masanja, 1:30: Shemeji nakuja na bodaboda tumpeleke.

Mama Kulwa, 5:20 asubuhi: Mistari miwili. Malaria. Kapewa mseto, kanywa na maziwa.

[Jumatano]

Mama Kulwa, 7:15 mchana: KAENDA CHOONI! Uji, papai na maji vimefanya kazi. Choo laini kabisa, kingi hadi

Baba mdogo Masanja, 7:16: Shemeji hongereni sana ila niko mezani na dagaa wangu hapa

Doto, 7:18: Bibi anauliza kingi kiasi gani