Maana ninayo, neno la Kiingereza sinalo. Mnatafutaje?

Mteremko_Moshi:
Wakuu habarini. Usaili wa Kiingereza wa waongoza wageni unakaribia, na tatizo ni moja: maana ipo kichwani ila kamusi inataka kwanza neno. Kwa mfano, yale mawe madogo ya kuelekea Stella Point, karibu na kilele cha Kilimanjaro, unapanda hatua mbili yanakurudisha moja, yanaitwaje? Pili, "saddle" ni lile eneo kati ya Kibo na Mawenzi, lakini kamusi inaanza na tandiko la farasi. Nishike lipi?

Kidahizo_Arusha:
Hayo mawe ni "scree". Unachohitaji ni kamusi ya kinyume: unaandika maana, inakuletea maneno. OneLook inafanya hivyo bure mtandaoni.

Kazi iko kwenye kuandika hiyo maana. Anza na jina la jumla la kitu, halafu kinachokitenga na ndugu zake: "loose stones on a mountain slope". Ukiishia "small stones" utaletewa "gravel" na "pebbles", changarawe na vijiwe vya mtoni, maana hujataja mlima wala mteremko. Usiandike "I want a word for...", hayo ni makapi. Tumia maneno mepesi, kwa sababu kamusi za wanafunzi zenyewe zimeandikwa hivyo: Longman tangu toleo lake la 1978 hueleza maana kwa maneno kama 2,000 tu.

Ukikumbuka herufi ya kwanza, andika s*:stones, nyota ikiwa ni herufi zozote zinazofuata. Ukijua na idadi ya herufi, kila ? ni herufi moja, kwa hiyo s????:stones.

Angalizo: orodha inayokuja ina visawe na majirani, vyote vimechanganyika. Lifungue kila neno kwenye kamusi ya kawaida kabla hujalitamka mbele ya msaili.

Mama_Visawe:
Niongezee kwenye maana nyingi. Fikiria "paa" letu: la nyumba, mnyama, na kupaa angani. Kamusi huliandika mara kadhaa na kulipa namba ndogo, kwa kuwa ni maneno tofauti yaliyofanana sura. Kiingereza nacho kina "bank" ya fedha na "bank" ya mto. Ila "saddle" ni neno moja lililotanuka: tazama mgongo wa ardhi ulivyobonyea katikati ya vilele viwili, ni umbo la tandiko. Kwa hiyo maana zote mbili ni sahihi. "Summit" vilevile: Kibo ina kilele cha mita 5,895, na wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa Arusha, hukutana kwenye "summit".

Kuchagua, tazama maneno jirani kwenye sentensi, kisha aina ya neno. "Limp" kama kitenzi ni kuchechemea. Kama kivumishi ni legevu. Wengi hukosea hapo kwa kuchukua maana namba 1 bila kusoma zaidi. Kamusi za wanafunzi hutanguliza maana inayotumika sana, lakini Merriam-Webster hutanguliza ya zamani zaidi, hivyo namba 1 yake huenda watu wameshaiacha.

Kidahizo_Arusha:
Kweli dada. Na "porter" nalo lina namba mbili: mpagazi, kutoka Kilatini cha kubeba, na bawabu, kutoka Kilatini cha mlango. Tena kuna bia nyeusi ya London iliyopewa jina hilo kwa wapagazi wa huko kuipenda. Mgeni akiomba "a porter" hotelini, sikiliza kama ana begi au ana kiu.

Mteremko_Moshi:
Asanteni. Nimejaribu "walk with difficulty because of a hurt leg", limekuja "limp" na pia "hobble". Tofauti?

Mama_Visawe:
"Limp" mguu mmoja ndio unaouma. "Hobble" ni kujikongoja, mara nyingi miguu yote miwili. Anayeshuka mlima kwa njia ya Mweka vidole vyote vina malengelenge, huyo ana-"hobble".