Chakula cha nje kupimwa mionzi: tunalindwa au tunatozwa tu?

Mzigo wa Sirari: Wakuu, naagiza mchele na maziwa ya unga. Vinapimwa mionzi ndipo viingie nchini, na gharama yote inaishia kwenye bei ya kilo. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, kule Ukraine, ni 1986. Mchele wa Pakistan unahusiana nini na Chernobyl?

Mwana Njiro: Sesiamu 137, sumu ya mionzi inayotoka kwenye vinu vya nyuklia, hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo ya 1986 bado ipo. Japani baada ya ajali ya kinu cha Fukushima walishusha kikomo cha vyakula vya kawaida hadi bekereli 100 (kizio cha mionzi) kwa kilo, mwaka 2012. Wao wanajihadhari, sisi tuache? Wafanyabiashara mkiachiwa mtatulisha chochote.

Mzigo wa Sirari: Chochote? Wanangu wanakunywa maziwa yale yale ninayouza. Futa hilo neno ndipo tuongee.

Mwana Njiro: Sifuti. Tulishaona mchele mbovu ukibadilishiwa magunia.

Bi Fizikia: Kaka zangu, mnachanganya mambo mawili. Potasiamu 40 nayo hutoa mionzi, lakini ni ya asili, imo kwenye maharage, viazi, ndizi. Ndizi moja ina kama bekereli 15, na mtu wa kilo 70 anatembea na zaidi ya 4,000 mwilini. Ukila zaidi, figo zinatoa iliyozidi. Maabara husaga sampuli, huiweka kwenye kigunduzi kilichozungushiwa madini ya risasi kuzuia mionzi ya nje na kuiacha kwa saa kadhaa. Miale ya gama ya sesiamu inaonekana kwenye nishati ya keV 662, ya potasiamu kwenye 1460, hazifanani hata kidogo. Tunachotafuta ni sesiamu. Kama hofu yenu ni mionzi ya asili, basi hata fosfeti ya Minjingu, mwamba wa mbolea unaochimbwa Manyara, ina urani kuliko udongo wa kawaida.

Mkulima Magugu: Dada, hapo umenigusa. Mbolea ya Minjingu tunaitumia, mahindi yanakubali, watoto wanakula. Kesho mnunuzi akisoma haya atasema mahindi ya Babati yana urani. Utanilipa wewe?

Bi Fizikia: Sijasema mahindi, ndugu yangu. Mimea huvuta urani kidogo sana. Wa kuangaliwa ni anayevuta vumbi mgodini na anayemwaga mbolea bila kujifunga pua.

Mkulima Magugu: Hao ndio sisi! Nani alishakuja kutuambia tufunge pua?

Mwana Njiro: Mnatoka nje ya mada.

Mkulima Magugu: Mada ni mionzi. Yeye analilia bei ya mchele, mimi nauliza mapafu yangu.

Mama Dagaa: Na dagaa wa baharini? Nasikia wana poloniamu, nayo ya mionzi.

Bi Fizikia: Ni kweli, poloniamu 210, ya asili, hukusanyika zaidi kwenye matumbo ya samaki. Inatoa alfa, aina nyingine ya mionzi, kwa hiyo kipimo cha gama cha mpakani hakiioni. Inahitaji kipimo chake.

Mzigo wa Sirari: Kumbe! Basi cheti ninachokilipia kinathibitisha nini?

Mwana Njiro: Kinathibitisha sesiamu haijazidi kikomo. Hujasoma?

Mama Dagaa: Nyie endeleeni. Mimi nimeuliza dagaa niwatoe matumbo au nisiwatoe?