Laptopu ya Snapdragon imekataa printa na mizani, nisaidieni

DukaMarikiti
Asalaam aleikum ndugu zangu. Hapa dukani Marikiti tumeleta laptopu ya Snapdragon X, Windows 11 24H2. Programu ya mauzo yafunguka vizuri. Shida ni printa ya leza ya zamani (USB tu), printa ya risiti ya milimita 80 (USB na tundu la LAN) na mizani ya waya wa siriali kwenda USB. Nikisakinisha draiva, kisakinishi chafika mwisho bila kulalamika, halafu Device Manager yaweka alama ya njano, Code 28 (draiva haijawekwa). Kisoma bakodi peke yake ndicho kimekubali. Niirudishe?

FundiTudor
Waaleikum salaam. Usirudishe bado. Prism, ile inayotafsiri programu za x64 (za chipu za Intel na AMD), haigusi draiva. Draiva hufanya kazi ndani ya Windows yenyewe, na huko lazima iwe ya ARM64 hasa, aina ya chipu ya Snapdragon. Kisakinishi ni programu ya kawaida, kwa hivyo kinaenda. Draiva iliyomo ndiyo inayokataliwa. Bakodi imepona kwa kuwa inajitambulisha kama kibodi.

Anza na mizani. Device Manager, bofya kifaa, Properties, Details, Hardware Ids. Hapo soma VID, namba ya mtengenezaji: VID_1A86 ni chipu ya CH340, VID_0403 ni FTDI, VID_10C4 ni CP210x ya Silicon Labs. Zote tatu zina draiva za ARM64 kwa watengenezaji wa chipu wenyewe. Achana na CD iliyokuja na mizani. Fungua faili ya .inf (maelezo ya draiva) kwa Notepad, tafuta NTarm64. Ukiona NTamd64 tu, hiyo ni ya Intel na AMD, haikufai. Ikiwemo, fungua Terminal kama msimamizi:

pnputil /add-driver CH341SER.INF /install

(weka jina la .inf yako). Kisha angalia namba ya COM (poti ya mizani) iliyopewa, uiandike kwenye programu ya mauzo. Ikibaki ya zamani, mizani itanyamaza hata draiva ikiwa sawa.

Mpwani_POS
Ya risiti sahau USB, tumia LAN. Izime, shikilia kitufe cha FEED huku ukiiwasha, itatoa karatasi yenye IP yake. Angalia hapo kwa makini: ikisoma 192.168.123.100 na ruta yako ni 192.168.1.x, hazitaonana mpaka ubadilishe IP ya printa. Programu ikiweza kutuma ESC/POS (lugha ya amri za printa za risiti) moja kwa moja kwenye poti 9100, draiva haihitajiki kabisa, na kisu kitakata kwa amri 1D 56 00. Isipoweza, ongeza printa kwa TCP/IP ukichagua Generic / Text Only. Maandishi yatatoka, nembo ya duka hapana.

Kijana_Kisauni
Si aweke tu Windows ya x64 ndani ya Hyper-V, ile kompyuta ya kuigiza ndani ya Windows?

FundiTudor
Haiwezekani kaka. Hyper-V kwenye ARM huendesha mifumo ya ARM64 pekee.

DukaMarikiti
Shukran sana. Mizani ni VID_1A86, na imesoma! Sasa hiyo leza, nikiishea kutoka kompyuta ya zamani ya dukani?

BiSalma_Mitambo
Kushea kwa Windows hakukusaidii mwanangu, maana laptopu bado itadai draiva ya ARM64 ya printa ile ile. Panapofaa ni CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux: weka Linux kwenye hiyo kompyuta ya zamani, unganisha printa hapo, ishee. CUPS itaitangaza kwa IPP (lugha ya kawaida ya printa za mtandao), na Windows ina draiva yake ya IPP ndani tayari. Kama ni ya jamii ya LaserJet 1020, tumia draiva ya Linux iitwayo foo2zjs, na ujue printa hiyo hupakiwa faili ya programu yake upya kila inapowashwa. Bila faili hiyo haichapi hata ukurasa. Printa za Canon zinazotumia lugha ya CAPT zinataka Linux ya x86 (Intel na AMD), kwa hivyo usikimbilie Raspberry Pi, nayo ni ya ARM.

Kama kazi ni kurasa chache kwa siku, usijisumbue: hifadhi PDF kwenye folda ya mtandao, uchape kutoka kompyuta ya zamani. Siku ya kununua printa nyingine, tafuta kwenye boksi alama ya Mopria, ya printa zinazochapa bila draiva yake maalum.